Kiwango cha Shangazi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku imeharibika kabla ya chai. Elieth, mhasibu wetu hapa kambini, alituita wafanyakazi wote bandani kabla wageni hawajarudi kutoka mbugani. Akatangaza kwamba yeyote mwenye kabiashara pembeni ya mshahara apeleke taarifa zake za mwaka jana kwa watu wa mapato kabla mwezi haujaisha. Wote tukaanza kutazama viatu vyetu. Kambi hii hakuna asiye na kabiashara. Mpishi anauza maandazi, mlinzi ana bodaboda mbili.

Tungenyamaza, yangepita. Lakini yupo Mabula! Mabula ni dereva wa wageni, Msukuma wa Maswa, mdomo wake hauna breki. Akasema mbele ya watu wote kwamba Felix wa stoo, yaani mimi, ana ng'ombe kijijini Kisaka, ananunua waliokonda mnadani, anawanenepesha, anawauza kwa faida. Akaongeza kwamba mwaka jana niliuza wanne. Alijuaje? Nilimwambia mwenyewe, siku moja nikijigamba.

Nia yake naijua. Sote wawili tunamtaka Judith, fundi cherehani wa hapa Natta. Mimi nimetangulia, maana Judith mwenyewe kanikubali. Imebaki kupeleka ng'ombe sita kwa baba yake, Mzee Nyangwine, kule Genkuru. Sita ninao, wamenona mpaka wanang'aa. Mabula hajakubaliwa na mtu, ila kwao ng'ombe ni wengi hadi hawana habari na idadi. Hilo linanikosesha raha.

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda kwa Elieth na hesabu zangu kwenye karatasi ya boksi la sabuni. Hesabu safi kabisa. Mshahara wangu ni 480,000. Ikitoka michango ya uzeeni inabaki 432,000. Katika hiyo, 270,000 ya kila mwezi serikali haigusi, na iliyobaki inakatwa asilimia nane. Hapo sina ugomvi. Sasa ng'ombe. Faida ya mwaka mzima ilikuwa 840,000, yaani 70,000 kwa mwezi. Sabini elfu haifiki laki mbili na sabini. Kwa hiyo ng'ombe hawana kodi. Nikakunja mikono, nikangoja pongezi.

Elieth akanitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi kanisani. Akasema mshahara na biashara ya mtu mmoja vinajumlishwa, halafu kile kiwango kinatolewa mara moja tu, na mshahara wangu umeshakila chote. Sabini elfu yote inatozwa. Nikamwambia mimi nina kazi mbili, nastahili viwango viwili. Akasema kiwango ni cha mtu, siyo cha kazi. Nikamuuliza, na mtu anayefanya kazi ya watu wawili? Akajibu kwamba akitazama stoo yangu, bado sijafikisha hata ya mmoja.

Kodi yenyewe ni 67,200 kwa mwaka. Elfu sitini na saba na mia mbili! Jasho langu! Nilitoka ofisini nimenuna, chakula cha mchana nikala nusu.

Saa kumi hivi, nikiwa napanga makopo ya nyanya, likanijia. Kiwango ni cha mtu. Basi ninachohitaji ni mtu.

Jumatano, 11 Juni

Mtu amepatikana. Shangazi Mogesi!

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, mjane wa Kisaka. Ng'ombe wangu wanalala kwenye zizi lake tangu zamani. Hana mshahara, hajawahi kuwa nao, wala hana duka. Laki mbili na sabini zake za kila mwezi zimekaa bure kama shamba lisilolimwa. Kwa nini lisilimwe? Ng'ombe wakiandikwa kwa jina lake, wanaingia kwenye kiwango chake. Felix anabaki mfanyakazi mnyonge mwenye mshahara tu. Halafu siku ya mahari ikifika, Shangazi anafungua zizi, mimi natoa ng'ombe wangu, mchezo umekwisha.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimefika mabegani.

Nimenunua kitenge kizuri na sukari kilo tatu. Naenda Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Kisaka. Ushindi!

Nilimwamkia Shangazi, nikampa kitenge, nikampa sukari, nikampa maneno. Habari za kodi aliziruka. Alichouliza ni kama nampa ng'ombe. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, wote sita? Nikasema wote. Akauliza mara ya tatu, akiwa amenishika mkono, kama ninasema kwa kinywa changu mwenyewe. Nikasema kwa kinywa na kwa kalamu. Akafuta macho na ncha ya kitenge. Nikaguswa. Watu wazima wanapenda zawadi, hata za karatasi.

Akataka mashahidi. Vizuri, nikawaza, wakiwa wengi ndivyo watu wa mapato watakavyoamini. Wakaja wazee wawili wa ukoo wa marehemu mume wake, akaja pia mtendaji wa kijiji na muhuri wake. Ilibidi mbuzi achinjwe, maana ng'ombe hawabadilishi mwenyewe watu wakiwa na njaa. Mbuzi nilimnunua mimi. Bei sitaiandika.

Na bahati ilivyo! Mtaalamu wa mifugo alikuwa kijijini akivalisha ng'ombe hereni za utambuzi. Sita wangu wakavishwa palepale, na kwenye daftari mmiliki akaandikwa Mogesi. Barua niliiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu bora: kwamba nimetoa ng'ombe sita kwa Mama Mogesi kwa hiari yangu, bila kushurutishwa, moja kwa moja. Hilo la moja kwa moja hakuna aliyeniomba. Nililitia ili barua inoge.

Mzee mmoja aliniuliza kama najua maana ya kutoa ng'ombe kwenye nyumba ya mama asiye na mtoto wa kiume. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa Kikurya, nisijue vipi? Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye mfupa wake. Wazee wana mashaka mengi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempelekea Elieth barua yenye muhuri. Alikuwa kwenye simu akigombana na mtu wa mchele. Akaitupia kwenye trei, akasema ataisoma.

Nikakutana na Mabula akiosha gari. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia kwamba umbea wake umegonga mwamba, mimi kuanzia sasa sina hata ng'ombe mmoja, aende akaseme popote. Akaacha kitambaa. Akaniuliza, hata mmoja? Nikasema hata mkia.

Alicheka, akanishika bega, akasema pole. Jioni nikasikia ameomba ruhusa ya siku mbili. Anaumwa, kasema. Nimemwombea apone, kwa unafiki kidogo.

Jumatano, 18 Juni

Nimejipalia makaa.

Mabula hakuumwa. Alienda Genkuru! Alifika kwa Mzee Nyangwine na kreti mbili za soda, akasema Felix hana ng'ombe hata mmoja, ametamka mwenyewe, ila yeye Mabula anao kumi wakihitajika. Kumi!

Haya yote kanipigia Judith kuniambia. Mzee Nyangwine si mtu wa papara. Amesema Jumamosi atakwenda mwenyewe Kisaka kukagua ng'ombe, kama inavyotakiwa, kabla ya kumsikiliza mtu mwingine. Judith akaniuliza swali moja, kama ng'ombe wapo au hawapo. Nikasema wapo, ila kwa maandishi hawapo. Nikamweleza vizuri, kiwango, jumla, asilimia nane, Shangazi. Akaniuliza kodi niliyoikimbia ni kiasi gani. Nikamtajia.

Akaniuliza kama ndiyo bei yake. Kama mimi nilikaa nikaona kwamba ni afadhali kumweka yeye rehani kuliko kutoa elfu sitini na saba. Kisha simu ikakatika, na si kwa sababu ya mtandao.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Niliketi juu ya gunia la mchele, nikasahau kutoa mafuta ya jikoni, wageni wakacheleweshewa chipsi.

Baadaye nikampigia Shangazi, nikamwomba wageni wakija aseme tu ng'ombe ni wangu. Akashtuka. Akasema, "Mura, kijana wangu, nidanganye mbele ya wakwe?" Nikamkumbusha kwamba tulikubaliana ni jina tu. Akasema jina tu halichinjiwi mbuzi.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilifika Kisaka asubuhi. Mzee Nyangwine alishatangulia na mdogo wake, na mashahidi wote wa barua walikuwepo. Nikawaamkia shikamoo hadi magoti yakagusa mavi ya ng'ombe. Mzee akaingia zizini. Akatazama pembe, akafungua midomo akaona meno, akapapasa migongo. Akasema hawa ni ng'ombe hasa. Moyo ukapanda. Kisha akauliza ni wa nani.

Nikasema wangu.

Mtendaji wa kijiji, mtu asiye na huruma, akakohoa. Akatoa barua kwenye faili lake, akaisoma kwa sauti ya redio. Hiari yangu. Bila kushurutishwa. Alipofika pale pa moja kwa moja akarudia, kwa faida ya waliokuwa mbali. Mzee Nyangwine akaniuliza mwandiko huo ni wa nani. Nikasema, huo nao ni wangu.

Akasema hana ugomvi nami, mimi ni kijana mwenye heshima, lakini mtu asiye na ng'ombe haji kwake kuposa. Akasema yuko kijana mwingine ameahidi kumi. Akachukua kofia yake. Nilimwona Judith anaondoka na zile kreti mbili za soda.

Hapo Shangazi akasimama. Alikuwa amejifunga kile kitenge changu. Akasema Mzee asiharakishe, ng'ombe wapo, sita, na mwenye ng'ombe yupo. Yeye hana mtoto wa kiume. Nyumba yake imekaa kimya tangu mume wake, Nyamhanga, alipofariki. Alishakata tamaa, mpaka Mungu alipomleta mtoto wa kaka yake kumpa ng'ombe bila hata kuombwa. Kwa hiyo ataoa yeye. Atamwoa Judith.

Nyumba ntobu! Niliisahau vipi? Nimekua naiona! Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe wake, anaoa mke, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake, wanabeba jina la marehemu mume wake. Mwanaume anatafutwa tu. Mtoto wa Kikurya, nisijue vipi!

Mzee Nyangwine akavua kofia tena. Akasema ng'ombe ni ng'ombe. Akauliza mwanaume atakuwa nani. Mzee mmoja wa ukoo akanung'unika kwamba atoke upande wa Nyamhanga. Shangazi akasema ng'ombe ni wake na chaguo ni lake. Akaninyooshea kidole kama anayechagua jembe dukani, akasema huyu atatosha.

Ila Mzee Nyangwine akasema binti yake haozwi kwa kukisiwa, aulizwe. Wakampigia Judith, wakaweka sauti kubwa, zizi zima likasikiliza. Judith akauliza mambo matatu. Kama ataruhusiwa kuja na cherehani yake. Kama mwanaume mwenyewe kweli ni Felix. Na kama Mama Mogesi ni mtu wa kufoka. Shangazi akajibu ndiyo, ndiyo, na kwamba anafoka asubuhi tu. Judith akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu kabla ya Jumatano, nikahisi machozi. Akasema amekubali, maana ni heri mama mkwe anayetunza ng'ombe kuliko mume anayewagawa.

Zizi likaangua kicheko. Nikageukiwa. Nikisema hapana, ng'ombe wanabaki kwa Shangazi na Judith anakwenda kwa Mabula. Nikisema ndiyo, ninampata Judith, lakini mwoaji siyo mimi.

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka hata Mzee akaniomba nirudie.

Jumapili, 22 Juni

Natafakari. Naoa bila kuwa bwana harusi. Judith atahamia Kisaka kwenye nyumba ya Shangazi, mimi nitakuwa nakwenda siku za mapumziko, na nitabisha hodi. Watoto wangu wataitwa kwa jina la Nyamhanga, mtu aliyewahi kunichapa fimbo kwa sababu ya kuku. Maji yamezidi unga.

Nilimpigia Judith, nikamwomba radhi bila kutia asilimia yoyote. Nikamwambia nilikuwa mjinga, kwamba nilifikiria karatasi nikamsahau yeye. Akasema amenisamehe, na kwamba ananipenda, ila hatakaa aniachie funguo za zizi. Nikasema ni haki.

Akaniambia pia amezungumza na Mama Mogesi. Nikija kumrudishia ng'ombe sita, siku hiyo Judith atahesabiwa mke wangu na nyumba itakuwa yangu. Kumbe upo mlango! Ng'ombe sita tu. Nimefurahi mpaka nimemsalimia Mabula.

Jumatano, 25 Juni

Elieth ameniita. Hatimaye ameisoma barua. Nikakaa nikijua kwamba baada ya mateso yote, angalau hapa nimeshinda. Sina ng'ombe, sina biashara, sina kodi. Mshahara tu.

Akauliza wale wanne waliouzwa mwaka jana, aliyeuza ni nani. Nikasema mimi. Akauliza barua ni ya tarehe ngapi. Nikasema tarehe 14 ya mwezi huu, imeandikwa hapo. Akauliza taarifa tunayopeleka ni ya mwaka gani.

Nikatazama dari. Kuna utando wa buibui.

Ya mwaka jana! Ng'ombe wa mwaka jana waliuzwa na Felix, faida ikaliwa na Felix, Shangazi hahusiki hata kwa kwato. Elfu sitini na saba na mia mbili palepale, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Elieth akanisaidia kujaza taarifa kwenye kompyuta, na nikalipa kwa simu. Kazi yote ilichukua dakika ishirini, na katika hizo, dakika tano nilikuwa natafuta namba ya siri.

Nilijaribu kujumlisha mbuzi, kitenge, sukari na nauli za Kisaka. Nilipofika kwa mbuzi nikaacha. Elieth akaniuliza kwa upole kwa nini sikumsikiliza tangu mwanzo. Nikamwambia nilimsikiliza sana, ndiyo maana.

Jumamosi, 28 Juni

Genkuru. Ng'ombe wamepelekwa!

Shangazi alitangulia mbele amevaa kitenge na kofia ya Nyamhanga, akitembea kama mtu aliyenunua barabara. Wazee walimpokea kama mwoaji. Alipewa kiti chenye mto. Mimi nilipewa benchi, pamoja na vijana waliosaidia kuswaga. Wakati wa picha, Shangazi alikaa katikati na Judith ubavuni kwake. Mimi nimo pia, nyuma, nimeshika kamba ya ng'ombe wa mwisho. Mpiga picha aliniomba nisogee kidogo kwa sababu nilikuwa namziba ng'ombe.

Mabula alikuja. Akanipa mkono, akasema ameshindwa na mwanaume wa kweli, yaani Shangazi. Soda zake tukanywa. Anacheza vizuri kuliko mimi, sina budi kukiri.

Judith alivaa gauni aliloshona mwenyewe. Watu walipokuwa wanakula alipita nyuma ya benchi, akaniwekea kipande cha nyama mkononi, akaufinya mkono wangu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii. Nilisahau kwamba sijaoa.

Jumatatu, 30 Juni

Mwezi umeisha vizuri mno! Nimeomba ruhusa ya siku moja, naandika nikiwa Kisaka, nje ya nyumba, Judith anashona ndani.

Mjomba wangu wa Tarime ameniletea mtamba wa kunipongeza. Mtamba mzuri, mweusi mwenye nyota usoni. Wa kwanza kati ya sita! Wakipatikana watano waliobaki, Judith na nyumba ni vyangu.

Ila safari hii nimetumia kichwa. Nimeangalia mbele, nisije nikashtukizwa tena na habari za mwaka jana. Mtamba huyu atazaa, ndama watauzwa, faida itaingia, na mshahara wangu unakula kiwango chote. Nimtafute nani? Shangazi? Hapana! Kwa Shangazi nimeshajifunza, ng'ombe hatoki. Nimewaza nusu saa tu. Judith! Cherehani yake kwa mwezi haifiki hata nusu ya kiwango. Nafasi ipo, tena kubwa, na mtu mwenyewe ni wangu.

Mtaalamu wa mifugo alikuwa anapita na baiskeli yake, nikamkimbilia. Mtamba ameshaandikwa kwa jina la Judith. Mtaalamu aliuliza Judith ni wa nyumba ya nani, ili aingize kwenye daftari. Nikamwambia wa nyumba ya Mogesi, ndiyo ukweli wenyewe ulivyo kwa sasa. Barua nimeandika. Mtendaji amegonga muhuri.

Judith aliposikia aliacha kushona, akauliza kama bado wanabaki watano au wamerudi sita, kisha akarudi kwenye mshono wake. Ni furaha, nadhani. Shangazi yeye hakuificha. Alimpeleka mtamba zizini mwenyewe, akachinja kuku, akaniita mjenzi wa nyumba yake mbele ya majirani. Akaniuliza kama mjomba wangu ana mwingine.